Mikono Nyuma

Ukitaka kumjua mwanamke aliyependa, usimtazame usoni. Mtazame anavyochagua nguo ya kwenda kazini. Asubuhi ile Béatha alivaa gauni la bluu, akalivua. Akavaa sketi nyeusi, akaiona kama ya msibani, akaivua nayo. Mwishowe akalirudia gauni lile lile la bluu, kisha juu yake akavaa koti jeupe la kazi lililofunika kila kitu, pamoja na huo uzuri alioutafuta tangu alfajiri. Kioo hakuwa nacho. Alijitazama kwenye kidirisha cha stoo ya kituo cha tiba alikofanya kazi, katikati ya magongo na viti vya magurudumu vibovu, kwa sababu tangu Jumapili humo ndimo alimokuwa akilala.

Pale kituoni hakuna aliyejua. Waliona tu kwamba siku hizi Madamu Béatha anawahi kazini kuliko hata mpishi, wakasema, kweli huyu kazi yake anaipenda. Wangejua!

Kazi yenyewe, mwaka ule wa 1992, wengi wa Kigali hawakuijua hata jina. Daktari huunga mfupa, muuguzi hufunga kidonda, sawa. Lakini mtu akitoka hospitali na mkono usiosikia, nani amfundishe upya kula, kuoga, kuvaa shati, kushika jembe? Hiyo ndiyo tiba ya kazi, na Béatha aliisomea Ubelgiji mpaka baridi ikamwingia mifupani. Aliporudi, chuo kikuu kilimkabidhi wanafunzi wake. Walimjia kituoni kujifunza kwa vitendo, yeye akawasimamia, akawapima, na mwisho ni yeye aliyesema nani amefaulu na nani arudie.

Alikuwa na sheria mbili, na wanafunzi waliziimba hata kwenye foleni ya chakula. Ya kwanza ilikuwa "mikono nyuma." Mwanafunzi akimwona mgonjwa anahangaika na kijiko, huruma humshika, mkono ukamtoka wenyewe kwenda kusaidia. Hapo Béatha hukohoa. "Mikono nyuma! Ukimshikia kijiko leo, kesho nani atamshikia?" Basi wanaweka mikono mgongoni, wanatazama mtu mzima anavyojimwagia uji, na machozi yanawalengalenga. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi. "Hatuhesabu anachoweza hapa mbele yetu," alizoea kusema. "Hapa kila mtu shujaa. Tunahesabu anachofanya nyumbani kwao." Ndiyo maana mtihani wa mwisho wa kila mwanafunzi ulifanyika nyumbani kwa mgonjwa, mbele ya watu wake.

Mtihani wa siku ile ulikuwa Biryogo, kwa fundi cherehani aitwaye Yahaya Bayingana.

Sasa tusifichane, maana msomaji si mtoto. Béatha alimpenda Yahaya. Alimpenda tangu zamani, mkono wake wa kulia ukiwa mzima, siku alipompelekea kitambaa cha makoti meupe, ya wanafunzi na lake mwenyewe, na fundi akakataa kumpima kwa futi. Koti lake lilipokuja, lilimkaa sawasawa mabegani.

"Umenipima saa ngapi?" Béatha aliuliza.

"Wewe ulikuwa unahesabu vitambaa," Yahaya alijibu bila kuinua macho. "Mimi nilikuwa nahesabu wewe."

Mwanamke aliyesoma Ubelgiji akasimama pale mlangoni kama msichana wa shule. Kuanzia hapo makoti ya wanafunzi yakaanza kuharibika ovyo ovyo, kila wiki moja linahitaji fundi.

Lakini walipendana kwa kujificha. Béatha alikuwa binti wa Mwalimu Silvère wa Nyamirambo, mzee wa parokia, ambaye kwake "Waswahili" wa Biryogo, ndivyo walivyoitwa Waislamu, walikuwa watu wazuri wa kuuza sambusa, si wa kupewa binti. Na Yahaya alikuwa mtoto wa pekee wa mjane, mama aliyemlea kwa kuuza chai na maandazi karibu na msikiti, na mama huyo hakutaka kusikia habari ya mkwe anayevaa msalaba shingoni.

Kisha likaja lile balaa. Yahaya alikuwa amekaa nyuma ya pikapu, juu ya majora ya vitambaa, gari likateleza kwenye mteremko wa Kimisagara, akarushwa. Mishipa ya bega ikakatika. Mkono wa kulia ukabaki unaning'inia, upo lakini haupo. Alipoletwa kituoni, Béatha hakuthubutu kumtibu mwenyewe. Mganga hajigangi, na hamgangi ampendaye. Akamkabidhi kwa mwanafunzi wake, Kaliza, msichana wa Buyenzi kule Bujumbura, mwenye Kiswahili kinachoteleza na moyo mwepesi wa kulia. Yeye Béatha alisimama mbali miezi yote ile, na mikono yake ilikuwa nyuma kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Mama Yahaya naye hakulala. Fundi asiyeweza kujivisha shati, alisema, anahitaji mke ndani ya nyumba, tena upesi. Akamleta msichana kutoka Rwamagana, mtoto wa ukoo, jina lake Mwamini. Yahaya akabisha, mama akalia, Yahaya akabisha tena, mpaka mama akatoa neno lake la mwisho: wakubwa wa kituo waje waone kwa macho yao. Wakisema anajiweza, hatamharakisha. Wakisema hajiwezi, anamuoza mwezi huu huu.

"Basi Mungu ametufungulia mlango," Yahaya alimwambia Béatha. "Nitavaa mbele yake. Nitashona mbele yake. Na akishasema alhamdulillahi, nitamwambia jina lako."

"Na mimi nitamwambia baba," Béatha alisema.

Alimwambia, Jumapili, baada ya misa. Mwalimu Silvère hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwa binti yake, akatoka na sanduku, akaliweka nje ya kizingiti. "Ukienda kwa Waswahili, mwana wanjye, usinirudie," alisema, akafunga mlango taratibu. Yahaya habari hizo hakuwa nazo. Béatha hakutaka kumwongezea mzigo kabla ya siku yake.

Na siku moja kabla ya mtihani, pale kituoni, Yahaya alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati kwa mkono wa kushoto peke yake, kuanzia cha chini mpaka cha kolani. Kaliza alipiga makofi mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Alipokwenda kuleta maji, Béatha na Yahaya wakabaki wawili.

"Kesho," Béatha alinong'ona.

"Kesho."

"Usinitanie, Yahaya."

"Wallahi, Béatha. Kesho."

*

Béatha na Kaliza walishuka Biryogo kwa miguu baada ya swala ya adhuhuri. Vichochoro vilikuwa vimejaa harufu ya mafuta ya sambusa, na kwenye kila baraza cherehani zilikuwa zinakimbizana. Kaliza alikuwa ameshikilia mkoba kifuani kwa mikono miwili.

"Madamu, mimi niko na woga."

"Woga wa nini? Si umemfundisha vizuri?"

"Nimefundisha. Mkono mugonjwa ndio unatangulia kuvaa, na ndio wa mwisho kuvua. Kifungo cha chini kwanza. Yote anajua." Kaliza akameza mate. "Lakini naogopa ule mama yake. Akinitazama, nasahau hata jina langu."

Béatha akacheka, na kicheko kikamponyoka kirefu kuliko alivyotaka. Alikuwa na furaha, jamani. Alijiona akirudi njia hii hii jioni ile, Yahaya akimsindikiza mbele za watu kwa mara ya kwanza, na wenye cherehani wakinyanyua vichwa. Baba angekasirika mwaka, labda miwili. Halafu angezaliwa mtoto, na mwalimu gani wa shule amewahi kumkataa mtoto anayejifunza kusoma?

"Usiogope," alimwambia Kaliza. "Leo itakuwa siku nzuri."

Mama Yahaya aliwapokea mlangoni, mtandio mweupe kichwani, mikono imejaa unga.

"Karibuni, karibuni, musisimame inje kama wageni. Madamu, kaa hapa, hii kiti ni nzuri. Mwamini! Chai iko wapi?"

Msichana akatoka uani na birika. Alikuwa na uso wa mviringo na macho ya upole, umri wake hata ishirini haujafika. Akapiga goti kidogo kumsalimu Béatha, akamimina chai, akasita, akaongeza sukari bila kuulizwa. Béatha alitaka kumchukia, akashindwa.

Yahaya alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na cherehani, na fulana tu mwilini. Shati lake jeupe lilikuwa limekunjwa mapajani. Alimtazama Béatha mara moja, mtazamo wa mtu anayekushika mkono gizani, kisha akaangalia chini.

"Tuanze," Béatha alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazi, kavu. "Kaliza, mtihani ni wako."

Kaliza akasimama wima. "Kaka Yahaya, tafadhali uvae shati lako. Sisi wote tutatazama tu." Akaweka mikono nyuma.

Yahaya akaanza vizuri. Aliutandaza mkono uliokufa juu ya paja, akauvisha mkono wa shati pole pole, akaupandisha mpaka begani, akalizungusha shati mgongoni kwa mkono wa kushoto, akaingiza mkono mzima. Kaliza alikuwa anahema kwa furaha. Kikabaki kifungo cha chini. Vidole vya kushoto vikakishika, kikaponyoka, vikakishika tena.

"Disi!" Mama Yahaya akalia, mkono mdomoni. "Maskini, mutoto wangu!"

"Tumwache, Mama," Kaliza akasema kwa upole.

"Nimuache namna gani? Munaona anavyoteseka? Hivi ndivyo munamufanyia kule juu, kila siku?" Machozi yalikuwa yameanza kuchora mistari kwenye unga wa mashavuni. "Baba yake alikufa huyu hajajua kutembea. Watu wa mume wangu wakasema niwaachie mutoto, niende nikaolewe tena. Nikakataa. Nikasema mimi huyu ndiye kazi yangu. Asubuhi nilimuvalisha nguo mimi, usiku nilimuvua mimi. Akakua, akawa fundi, akaniambia mama, pumzika. Nikapumzika, Madamu, na katika kupumzika nikasikia kama nimekufa. Sasa Mungu amenirudishia. Vibaya, lakini amenirudishia."

Kifungo cha chini kilikuwa tayari kimeingia kwenye tundu lake, lakini mama hakukiona, maana alikuwa anafuta macho. Yahaya alikuwa anamtazama yeye. Kisha Yahaya akageuka, akamtazama Béatha, na macho yake yakaomba kitu ambacho Béatha hakutaka kukielewa.

Kidole gumba cha kushoto kikakisukuma kile kifungo, kikatoka tena tunduni. Mkono ukashuka, ukalala juu ya paja karibu na ule mfu.

"Nimechoka, Mama," Yahaya akasema. "Siwezi."

Kaliza akapiga hatua moja mbele. Béatha alikohoa, kwa mazoea tu, na Kaliza akarudi nyuma.

Mama Yahaya alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mwanawe. Alifunga vifungo kuanzia juu kwenda chini, haraka haraka, kama anavyovalishwa mtoto anayechelewa shule. Mwanzo tu, alipogusa kola, Yahaya akainua kidevu ili ampishe.

Hicho kidevu ndicho kilichommaliza Béatha. Maneno mtu anaweza kusema kwa kulazimishwa. Kidevu kile kiliinuka chenyewe.

Mama akainuka, akajipangusa magoti, akamgeukia. "Sasa wewe ndiye mukubwa wa hii kazi, na mimi nimeahidi mbele ya Mungu. Niambie ukweli. Mutoto wangu anajiweza, ao hajiwezi?"

"Lakini jana," Kaliza akaropoka, "jana kituoni Kaka Yahaya alifunga vyote, hata cha..."

"Kaliza."

"Madamu, tuliona wote!"

"Kaliza," Béatha akarudia. Neno moja tu kwa mama lingetosha. Angesema anajiweza, mama angemwamini, kwa sababu watu wa Biryogo humheshimu aliyesoma. Na baada ya hapo? Amsemee Yahaya leo, kesho amsemee, na siku ya posa amsemee pia? Alimtazama Yahaya kwa mara nyingine, akampa nafasi, akaingoja. Yahaya alikuwa anatazama sindano ya cherehani. "Kaliza, tunahesabu nini?"

Msichana akainamisha kichwa. "Anachofanya nyumbani kwao, Madamu."

"Basi." Béatha akaweka kikombe chini. Chai ilikuwa haijapungua. "Mama, hapa nyumbani kwake hajivishi. Ndivyo tulivyoona."

"Nimesikia," Mama Yahaya akasema, akamshika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, binti yangu. Ungekuwa mwingine ungenidanganya."

*

Walikuwa wamefika kwenye kona ya duka la mkaa Béatha aliposikia viatu vikikimbia nyuma yao. Wingu zito lilikuwa limetanda juu ya mlima na matone ya kwanza yalikuwa yanadondoka.

"Béatha! Ngoja!"

Kaliza akaelewa, au akaelewa nusu. "Nitakungoja pale mbele, Madamu," akasema, akasogea mpaka chini ya paa la jirani.

Yahaya alisimama mbele yake akihema. Alikuwa amevaa koti juu ya shati. Béatha akalitazama koti, kifungo kwa kifungo, kuanzia chini. Vyote vilikuwa vimefungwa.

"Nani amekufunga koti?"

Yahaya akajitazama, kama hakuwa na habari. "Mimi."

"Saa hizi?"

"Nilikuwa naharakisha nikufikie, sikufikiri..."

"Kumbe unaweza," Béatha akasema polepole. "Kichochoroni unaweza."

"Usiniseme hivyo. Umemusikia mama. Ningefunga vile vifungo, ningekuwa nimemwambia kazi yako imekwisha, nenda ukafe. Wewe ungefanya hivyo kwa baba yako?"

"Nimefanya."

"Unasema nini?"

"Nimemwambia baba, Yahaya. Jumapili. Sanduku langu liko stoo, kwenye magongo. Nalala huko."

Yahaya akasogea. Alinyoosha mkono wa kushoto kumgusa, akaurudisha, maana mlango wa jirani ulikuwa wazi. Hata hapo, jamani. Hata hapo alikumbuka kuangalia mlango.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefunga vifungo?"

Mvua ikaongezeka kidogo, ikaanza kulowesha mabega ya koti.

"Sikiliza," Yahaya akasema, na sauti yake ikawa ya haraka, ya mtu aliyepata wazo. "Iko njia. Namuoa huyu Mwamini, mama anatulia. Mwaka mmoja, hata chini ya hapo. Halafu nakuoa na wewe. Dini yangu inaniruhusu, hakuna atakayesema neno. Mama mwenyewe amekupenda leo, si umeona alivyokushika mikono?"

Béatha akamtazama mtu aliyempenda, na ajabu ni kwamba bado alimpenda, pale pale, na nywele zimelowa na ujinga ule unatoka mdomoni. Ingekuwa nafuu kama pendo lingekufa hapo. Halikufa.

"Na yule msichana je? Umemuuliza kama anataka kuwa kitambaa cha kumfutia mama yako machozi?"

"Béatha..."

"Mimi sina nyumba. Nilichobaki nacho ni neno lako la jana. Rudi ndani sasa hivi. Vua hilo koti, ulivae tena mbele yake. Usimtaje Mungu, usinitaje mimi, usiseme lolote. Vaa koti tu, akuone. Mimi nitakungoja hapa kwenye mvua."

"Na nikishavaa?"

"Utatoka uje kunichukua, tutaingia pamoja. Aliyejivisha atajisemea."

Yahaya alisimama akimwangalia. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kwa nguvu. "Yego. Ngoja hapa. Usiondoke, nakuomba. Usiondoke!" Akageuka, akakimbia, ule mkono mfu ukipigapiga ubavuni.

Na Béatha akangoja. Ewe msomaji, umewahi kumngoja mtu ukiwa unajua? Kaliza alimwita aje chini ya paa, akakataa. Maji yalimpita miguuni yakiwa mekundu kwa udongo, cherehani za barazani zikaingizwa ndani moja moja, mwenye mkaa akafunga duka. Kila mlango ulipolia, alijinyoosha. Alikuwa amejifuta uso na kujipanga nywele, ili Yahaya akija asimkute vibaya.

Mlango wa kina Yahaya ulipofunguka hatimaye, aliyetoka ni Mwamini. Alikuja akirukaruka madimbwi, mwavuli mmoja kichwani, mwingine mkononi.

"Dada, mama amekuona kwa dirisha. Amesema muchukue mwavuli, mutapata homa." Akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima. "Amesema tena asante."

Béatha aliushika mwavuli asiufungue. "Yahaya anafanya nini?"

"Anakula."

"Anakula mwenyewe?"

Mwamini akatabasamu kwa aibu. "Mama anamulisha. Alirudi analia kama mutoto mudogo, sijui aliumwa wapi."

"Na koti?" Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kama ya mtu mwingine. "Koti lake amelivua?"

"Mama amemuvua. Lilikuwa limelowa." Msichana akasita, akamwangalia usoni, akasogea karibu. "Dada, nikuulize, wewe ndiye unajua. Ule mkono, nikimuvalisha mimi, naanza na upi?"

Kulikuwa na mambo mengi ya kujibu. Béatha aliyatafuna yote, akayameza.

"Ule mgonjwa," akasema. "Mgonjwa ndio unatangulia kuvaa. Na ndio wa mwisho kuvua."

"Asante, Dada." Mwamini akapiga goti tena, akarudi mbio.

*

Walipanda mpaka kituoni. Mwavuli ulikuwa kwa Kaliza. Wanafunzi wengine walikuwa wameshaondoka, na ua ulikuwa mtupu, maji yakitiririka kutoka kwenye mabati. Kaliza hakwenda bwenini kwake. Alimfuata mwalimu wake nyuma ya jiko, mpaka mlango wa stoo.

"Madamu, naomba kuuliza. Mimi nimefaulu, ao nimeanguka?"

"Umefaulu."

"Lakini Kaka Yahaya hakuvaa."

"Wewe ulimfundisha. Yaliyobaki hayakuwa yako." Béatha akatoa ufunguo mfukoni. "Nenda ukabadili nguo, mwanangu, utaugua."

Kaliza hakuondoka. Béatha aliinamia kufuli, akalikosa tundu la ufunguo. Akajaribu tena. Ufunguo ukaanguka kwenye matope. Akauokota, akaufuta kwenye koti jeupe alilopimwa kwa macho. Ukaanguka tena, na safari hii hakuinuka. Alibaki amechuchumaa palepale, kipaji cha uso kimegusa mbao za mlango, na machozi aliyoyazuia tangu Biryogo yakatoka kwa sauti.

Alisikia hatua nyuma yake. Aliuona mkono wa Kaliza ukija, vidole vimefunguka, umefika karibu kabisa na bega lake. Béatha akafumba macho. Mungu wangu, alikuwa anautaka mkono ule. Alitaka mtu amchukulie ufunguo, amfungulie mlango, amvue koti lililolowa, amwambie kaa hapa. Alikuwa tayari kuinua kidevu.

Mkono ukasita. Ukarudi.

"Hakuna haraka, Madamu," Kaliza akasema. Sauti yake ilikuwa inapasuka kwa kilio, lakini maneno yalikuwa yale yale aliyofundishwa, hata pumziko la katikati aliliweka mahali pake. "Okota ufunguo kwanza. Mengine baadaye. Mimi niko hapa, natazama tu."

Béatha akageuka. Msichana alikuwa amesimama kwenye mvua, machozi yanamchuruzika, mikono nyuma.

Alikuwa amemfundisha vizuri.